Pesa za vifaranga zipo, pesa za kamba na wavu hazipo: ndiyo maana sumu inaingia mtoni

LUBERO, KIVU YA KASKAZINI. – Mradi wa samaki unapofika kwenye mabonde ya Lubero na Beni, mambo huenda kwa utaratibu uleule. Jamaa za wakimbizi wa ndani na jamaa zinazowapokea zinachimba etangi kwa majembe. Vifaranga vya tilapia vinaletwa ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa. Picha zinapigwa, kitambaa chenye jina la mradi kinakunjwa, gari linapanda kilima kurudi mjini. Hazipiti siku nyingi ndege amekwisha kujua njia, kisha fisi maji naye anaijua. Baada ya miezi miwili mama mwenye etangi anaokota magamba kwenye ukingo, na jirani anamnong'oneza dawa: chukua ile ya kunyunyizia nyanya, ipake kwenye samaki mmoja, mwache pale kwenye majani.

Mama huyo si mwenye kosa la kwanza, na fisi maji pia si mwenye kosa la kwanza. Kosa la kwanza liko kwenye karatasi ya bajeti, iliyoandikwa vifaranga, majembe, semina, posho na mafuta ya gari, ikasahau kamba na wavu. Mtu aliyekimbia vita na kufika na sufuria na mtoto mgongoni anapewa mali inayoliwa na kila mnyama wa mtoni, halafu anaambiwa: jilinde. Atajilinda kwa nini? Kwa kile kinachouzwa kwa bei ndogo sokoni, na hicho ni sumu.

Kwanza ijulikane nani anakula nini, kwa sababu watu wengi wanaua wasiohusika. Korongo husimama alfajiri pale maji yanapofika magotini mwake, akangoja samaki apite. Mdiria hukaa juu ya kijiti na kuchukua vile vidogo vidogo. Mnandi, yule ndege mweusi anayezama hapa na kutokea kule, kisha akatandaza mabawa ili akauke, ni wa maziwa zaidi, lakini etangi kubwa iliyo wazi haimpiti. Fundichuma hupenda chura kuliko samaki, na kwa bahati yake wazee wa sehemu nyingi wanakataza kumgusa. Chini kwenye bonde la Semliki, penye joto, kuna kenge.

Fisi maji ndiye anayechukiwa kuliko wote, na ndiye asiyejulikana kuliko wote. Yule mkubwa wa mito ya milimani, mwenye vidole visivyo na kucha, chakula chake cha kila siku ni kaa na chura. Samaki anawala, ndiyo. Anakuja kwenye etangi kwa sababu pale samaki wamejaa mahali padogo wasipoweza kukimbilia, na ukingo una majani marefu ya kumficha. Mchunga mbuzi akiacha zizi wazi usiku, kijiji kitamwuliza juu ya mlango kabla ya kumlaumu chui.

Kisha kuna mlaji ambaye hakuna anayemwona. Kambale anapita kwenye mfereji wa kuingizia maji akiwa mdogo kama kidole, anakulia ndani, na anakula vifaranga vya tilapia mchana na usiku bila kutoa hata kichwa. Jamaa inaua ndege, inatega waya, na samaki wanaendelea kupungua, kwa kuwa mdomo wa mfereji haukuwekwa kichujio. Kipande cha wavu mgumu au bomba lililotobolewa matundu madogo lingetosha. Ni mambo ya mchana mmoja, lakini lazima mtu afike ayaonyeshe, na mtu huyo alikwisha kurudi mjini.

Na tusijifiche: kuna pia mla samaki mwenye miguu miwili, na mara nyingine ana bunduki. Anakuja usiku, anafungua maji, anakusanya. Asubuhi ni rahisi na salama zaidi kusema ni fisi maji. Mnyama huyo hajawahi kumpiga mtu risasi kwa sababu alitajwa jina.

Sasa sumu. Wanaoitetea wanasema ni ya haraka na inafanya kazi. Inafanya kazi kweli, ila haichagui. Samaki aliyepakwa dawa ya shambani ataliwa na mbwa wa jirani, na mwewe, na nguruwe aliyefunguka kamba, na siku moja ataokotwa na mtoto mwenye njaa. Katika kijiji kinachopokea wakimbizi watoto wenye njaa si wachache. Fisi maji mwenyewe anatembea mbali kando ya mto. Akila sumu hapa, atakwenda kufia kwenye maji ya watu wengine. Etangi ina tundu la kutolea maji, na maji yale yanashuka kwenye kijito. Mbele ya kijito kuna mama mwingine ana bidoni la lita 20. Huyo hana etangi, hakupewa vifaranga, hakuja kwenye semina. Alichogawiwa kwenye mradi huo ni sumu tu.

Hata kwa hesabu ya samaki peke yake, kuua hakusaidii. Fisi maji ana eneo lake la mto analolishika. Akifa, eneo linabaki wazi, na mwingine kijana anayetafuta pa kukaa anaingia. Ndege nao ni hivyohivyo: etangi isiyofunikwa inaita ndege wapya kila msimu. Jamaa itanunua dawa mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka ule mwingine, na kila mara itakuwa imelipa pesa za kuanza upya.

Watu wa Ziwa Edward wana mfano wao, na ni mkubwa. Zamani wavuvi wengi walimwona kiboko kama adui: anapasua nyavu, anapindua mtumbwi, anaua watu. Yote hayo ni kweli. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikaribia 30,000. Vita, bunduki, biashara ya nyama na meno viliwamaliza, hata mwaka 2005 waliohesabiwa hawakufika 1,000. Kama kumwondoa mnyama kungeleta samaki, Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge zingekuwa zimejaa samaki mpaka leo. Ilikuwa kinyume. Mavi ya kiboko ni mbolea ya maji. Yanakuza majani madogo ya kijani ambayo tilapia anakula. Kiboko alipopotea, maji yalipoteza mbolea yake, na wakati huohuo nyavu zenye matundu madogo ziliingia mahali samaki wanapozalia, na mitumbwi isiyo na ruhusa ikaongezeka. Mnyama alikufa, samaki naye akapungua, na hakuna aliyerudi kumwomba kiboko msamaha.

Basi kuna njia gani isiyo ya kuua? Zipo, ni za zamani, na hakuna hata moja inayohitaji umeme wala mtaalamu kutoka nje ya inchi.

Ya kwanza ni jembe lenyewe. Korongo anavua mahali penye maji mafupi. Etangi ikichimbwa ukingo wake ukashuka mara moja, maji yakafika paja la mtu mzima tangu pembeni, korongo anakosa pa kusimama. Etangi nyingi za miradi zina umbo la sahani kwa sababu zilichimbwa kwa haraka, siku ya mgeni ikiwa karibu. Watu walilipwa kwa siku, si kwa kina.

Ya pili ni kamba. Kamba nene ya sizali inavutwa kutoka ukingo hadi ukingo, mistari ikikaribiana kiasi kwamba ndege mkubwa hawezi kutua wala kuruka, na vipande vya plastiki vinafungwa juu yake ili vipige kelele kwa upepo. Ni lazima iwe kamba inayoonekana. Uzi mwembamba wa nailoni unamnasa ndege mguu na kumvunja bawa, anakufa siku mbili akipigapiga maji, na kwa njia hiyo mtu anakuwa ametega mtego bila kuuita mtego.

Ya tatu ndiyo muhimu zaidi, na ndiyo inayokosa pesa: etangi ndogo ya kulelea. Vifaranga vinapokuwa vidogo ndipo vinaliwa kwa wingi. Hakuna haja ya kufunika etangi zote za kijiji. Inafunikwa moja, ya ari moja au hata nusu yake, kwa wavu uliokazwa vizuri juu ya miti. Wavu uliolegea unanasa ndege. Uliokazwa unamrudisha tu. Vifaranga vinakaa humo miezi miwili hivi, vikipata ukubwa wa vidole viwili au vitatu vinagawiwa. Tilapia aliyekua kidogo mdiria hamwezi. Katika Lubero hili lina uzito kuliko sehemu za chini, kwa sababu kwenye milima maji ni baridi na tilapia anakua polepole. Mahali pa joto anaweza kufika mezani kwa miezi sita. Huku juu anakawia zaidi, na kila mwezi anaokawia ni mwezi mwingine wa kuliwa na ndege.

Kwa kukosa wavu, mama anachukua chandarua cha mbu. Kile alichopewa hospitali kwa ajili ya mtoto anakitandaza juu ya maji. Hapo amechagua kati ya mbu na mdiria, na hakuna mzazi anayepaswa kuwekwa kwenye chaguo hilo. Tena chandarua kipya kimelowekwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki. Anakiingiza ndani ya maji ili kulinda vifaranga, na vifaranga vinaelea tumbo juu. Baadaye katika ripoti itaandikwa kwamba walengwa hawakufuata maelekezo.

Kwa fisi maji ni uzio. Mianzi iliyosukwa karibu karibu, ikafukiwa ardhini kwa kina cha goti kwa kuwa yule anachimba, na sehemu ya juu ikainamishwa kwa nje ili asipande. Majani ya ukingoni yanafyekwa kila wiki. Ndani ya maji yanawekwa mafungu ya matawi, samaki wapate pa kujificha. Na etangi iwe karibu na nyumba, palipo na mbwa, moshi na sauti za watu. Zamani ilitosha mlinzi kulala kwenye kibanda. Leo kwenye vijiji vingi mtu hawezi kulala nje kwa ajili ya samaki, usalama haumruhusu. Ndiyo sababu nyingine uzio na wavu si anasa: vinafanya kazi ya mlinzi ambaye vita imemfungia ndani.

Swali linabaki: nani ataisuka hiyo nyavu? Na hapa inashangaza jinsi watu wa miradi wanavyopita karibu na jibu bila kuliona. Tangu vita ilipofika Vitshumbi mwezi wa 3 mwaka 2024, wavuvi wa Ziwa Edward wako kwenye jamaa zilizowapokea, mikono mitupu. Baba hawa wanajua kusuka wavu gizani. Mama zao wanajua kuushona ukipasuka. Wanakaa kwenye foleni ya kugawiwa unga, huku umbali mfupi kutoka hapo etangi za mradi zinaliwa kwa kukosa wavu. Wapewe nyuzi. Walipwe kwa mita. Pesa ya ulinzi wa samaki itakuwa pia pesa ya kazi kwa waliopoteza ziwa, na yule aliyezaliwa kwenye uvuvi hatajifunza kuomba.

Kuna watakaosema: watu wanauawa, vijiji vinaungua, na nyinyi mnasimama kutetea fisi maji? Ni swali la haki na lisijibiwe kwa dharau. Lakini anayeuliza aende mpaka mwisho wa mto. Kinachotetewa ni bidoni la yule mama wa chini. Ni mbwa wa jirani, ambaye akifa kwa sumu ya mkimbizi, mkimbizi yule atakuwa na kesi mbele ya mzee wa kijiji, katika nchi ambayo si yake na kwa watu waliompa kiwanja kwa huruma. Ugomvi kati ya wapokeaji na wapokelewa umekwisha kuwaka kwa mambo madogo kuliko hayo. Na fisi maji naye akipona katika mpango huo, ni vizuri. Mto ni wake kabla ya kuwa wa mradi.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inakataza kuwinda kwa sumu, na ile ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kuhifadhi viumbe inaongeza uzito. Lakini kumpeleka mama wa etangi mbele ya sheria hizo bila kumpa kamba ni uonevu. Kwanza apewe njia nyingine, kisha asomewe kifungu.

Pesa zitoke wapi? Kwa miradi mipya jibu ni fupi: mfadhili asikubali bajeti ya etangi isiyo na mstari wa ulinzi. Vifaranga visipakiwe kwenye gari kabla etangi ya kulelea haijafunikwa. Kama pesa hazitoshi jamaa 100, wapewe 60 walio na wavu. Ni afadhali kuliko 100 wanaolisha ndege.

Kwa upande wa Serikali jibu ni refu zaidi, kwa sababu linagusa taksi. Uingereza, anayevua kwa ndoano ananunua leseni. Sehemu ya pesa za leseni inarudi kwa vyama vya wavuvi kama msaada, na miongoni mwa vitu vilivyolipiwa kwa pesa hizo ni uzio wa kuzuia fisi maji na maficho ya kuwakinga samaki na minandi. Fisi maji wa huko walikaribia kwisha karne iliyopita, na kilichowamaliza hasa kilikuwa dawa za mashambani zilizoingia mitoni. Mwaka 1978 sheria iliwalinda, wakarudi polepole, na waliporudi wenye mabwawa walilalamika kama wanavyolalamika watu wa Lubero. Malalamiko yale yalipata mfuko wa pesa.

Huku je? Mvuvi na muuza samaki wanalipa kwenye mwalo, wanalipa kwenye kizuizi, wanalipa sokoni, na wakati wa vita wanalipa zaidi ya mara moja kwa watu tofauti, wenye karatasi na wasio na karatasi. Hakuna anayekumbuka faranga moja iliyowahi kurudi kwenye maji. Huduma ya kilimo na uvuvi ina maafisa wanaojua kazi, lakini wengi hawana hata mafuta ya pikipiki ya kuwafikisha kwenye etangi. Kama sehemu ndogo tu ya kinachokusanywa kwenye samaki ingewekwa kando kwa kulinda samaki, na kutangazwa redioni kila miezi mitatu kiasi gani kimeingia na kimenunua nini, raia wangelipa wakiwa na moyo mwingine. Kutangaza huko ndiko kunakoogopwa.

Wakati hayo yanangojewa, kamati za etangi zinaweza kuanza na kilicho karibu: kichujio kwenye mfereji leo, kufyeka ukingo kesho, na kukubaliana kwa sauti, mbele ya mzee wa kijiji, kwamba hakuna etangi ya kijiji hiki itakayowekwa dawa. Wakiandika ombi kwa shirika, wasiombe "msaada wa samaki". Waandike mita ngapi za wavu, rola ngapi za kamba ya sizali, mianzi mingapi, na majina ya wasukaji watatu walioko tayari. Wavu mmoja wa kulelea ukitunzwa kivulini baada ya miezi miwili unahamia kwa jamaa inayofuata, na ile nyingine baada yake. Aandikwe pia nani anautunza, maana wavu wa wote usiokuwa na mtunzaji hupasukia kwenye zamu ya tatu.